Gitaa la Daudi na Waimbaji wa Ukraine

Ndugu zangu wa kanisa, mlioniombea njiani, wengi mliniuliza kwa nini mzee kama mimi apande basi hadi Afrika Kusini. Nilikwenda kwa sababu ya gitaa. Mwanangu Daudi, mliyemfahamu akiongoza nyimbo hapa kwetu Lubumbashi, alimzika mke wake Furaha kule Johannesburg, na tangu siku ile hakupiga tena. Alibaki na kazi ya mitambo ya sauti kwenye kumbi za watu, kufunga maikrofoni na kupanga spika ili wengine wasikike. Kwenye simu alisema, "Niko sawa, Papa." Lakini mzazi huijua sauti ya mtoto aliye sawa.

Mpaka wa Kasumbalesa tulivuka salama. Zambia ilipita dirishani, ndefu na ya kijani kibichi kilichofifia, kisha Zimbabwe. Mpakani Beitbridge tulipanga foleni tumejifunga mablanketi. Afisa akaniuliza ninakwenda kufanya nini. "Kumwona mtoto," nikajibu. Akanitazama mvi, akagonga muhuri.

Johannesburg tulifika asubuhi ya baridi kali. Daudi alikuwa akinisubiri kituoni na koti mkononi.

"Papa, vaa hili. Mwezi wa saba wa hapa hauchezi. Eish, umekonda!"

"Sikukonda. Basi limenikamua."

Akacheka kidogo, nami nikamshukuru Mungu kwa hicho kidogo.

Anaishi mtaa wa Berea, kwenye ghorofa la zamani, chumba kimoja katika nyumba anayopanga pamoja na Tantine Béa, msusi kutoka Bukavu. Mama huyu alitupokea ngazini akihema. "Karibu, Papa mchungaji! Hapa lifti inafanya kazi siku ya Krismasi tu." Alikuwa ameshapika bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Chumbani kwa Daudi niliona gitaa juu ya kabati, limefunikwa kitenge cha Furaha.

Wakati wa chai nilimsomea Zaburi. Nikamweleza habari za Ayubu, na tumaini la ufufuo. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Asante, Papa," akasema, akaenda kuosha vikombe.

Ijumaa alinipeleka kazini kwake, kwenye ukumbi mmoja huko Observatory, mtaa wa mlimani. Kulikuwa na vijana wa muziki kutoka Ukraine, ndiyo kwanza wanaanza kujulikana, nao walikuwa wakijaribu vyombo kwa ajili ya tamasha la kesho yake. Wasichana watatu walisimama karibu karibu wakaimba kwa sauti ya wazi, ya kifuani, kama watu wanaoitana toka shamba hadi shamba. Nywele zilinisimama. Lakini kila mwisho wa ubeti walikata ghafla, kabla neno halijaisha. Mimi niliyefundisha kwaya maisha yangu yote sikuweza kuvumilia. Mara ya tatu nikawamalizia noti ile kwa sauti yangu, ukumbi mzima ukasikia.

Wakaangua kicheko. Kiongozi wao, Oksana, alishuka jukwaani akanipa mkono, akasema kwa Kiingereza, Daudi akatutafsiria.

"Kijijini kwa bibi yangu huimbwa hivyo," akasema. "Mwisho unaachwa. Nani asiyejua unavyoishia?"

"Mwambie, kwaya yangu ikiacha mwisho, ninairudisha mwanzo wa wimbo!"

"Basi bibi yangu ungemfukuza siku ya kwanza."

Kisha akamuuliza Daudi kama naye hupiga chombo. "Nilikuwa ninapiga," akajibu. Oksana hakuuliza zaidi. Aliitikia kwa kichwa tu, akaangalia simu yake. Baadaye Daudi aliniambia, "Kaka yake yuko vitani, mashariki ya kwao. Kila wimbo ukiisha anaangalia kama ameandika."

Jumamosi niliamka nikakuta kitenge kimekunjwa vizuri kitandani. Juu ya kabati hapakuwa na kitu.

Alasiri ukumbi ulijaa. Kijana mmoja alirap kwa Kiukraine, mbio kama mvua juu ya bati. Sikuelewa neno, lakini mguu wangu ulielewa. Wakaja wanne wa roki. Tantine Béa akanisogelea sikioni: "Papa, hawa wanapiga ama wanabomoa?" Mwishowe wakapanda Oksana na wenzake, na kompyuta iliyodunda taratibu nyuma ya sauti zao.

Ubeti wa kwanza ukakatika. Kimya. Wa pili ukakatika, na katika kimya kile nikasikia nyuzi. Daudi alikuwa ameacha mitambo kwa mwenzake, ameketi ukingoni mwa jukwaa na gitaa mapajani, anapiga kwa vidole kama wanavyopiga wazee wetu wa Katanga. Alikosea. Akarudia. Oksana aligeuka, akamngojea amalize ndipo akaanza ubeti unaofuata, na ikawa hivyo mpaka mwisho, wao wakiacha nafasi, yeye akiingia. Tantine Béa alilia bila kujificha. Mimi nilikuwa nimevua miwani.

Alipokuja kuketi karibu nami alinionyesha mkono. "Vidole vinauma, Papa. Vimekuwa laini." Nilikuwa na mistari mitano ya Maandiko tayari mdomoni. Nikaushika mkono wake, nikaupuliza kama alipokuwa mdogo.

Jumatatu, kituoni, alinibebea mfuko mpaka mlangoni mwa basi.

"Papa, kupiga kanisani bado. Usiwaahidi kitu."

"Niwaambie nini?"

"Waambie kwanza ninampigia Furaha gitaa."

Basi ninawaambia. Nimehubiri faraja miaka mingi, na bado naamini kila neno nililolisoma. Lakini safari hii nilimwona Bwana akimfariji mwanangu kwa watu waliojua kunyamaza mahali panapofaa. Ninawaombea wasichana wale, na kaka wa Oksana, mniunge mkono. Na mkimpigia Daudi simu, nawasihi, msimuulize atarudi lini kwenye kwaya. Mwulizeni vidole vinaendeleaje.