Kamati na Kipa Wetu

Sisi Wakenya tukikutana watu watatu ugenini, kamati imeshaundwa. Kamati ya harusi, kamati ya matanga, kamati ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Kwa hiyo sikushangaa mashabiki wa timu ya chuo chetu cha ufundi hapa Blacktown walipounda kamati ya maandalizi ya mechi dhidi ya chuo cha Lidcombe. Tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kundi la WhatsApp lisilolala. Kocha, Mzungu mpole anayefundisha useremala, hakujua hata kama tupo.

Mimi niliingizwa kwenye kamati kwa sababu mume wangu ndiye kipa. Ni Mkongo wa Bukavu, mchana anasomea umeme, jioni anabeba maboksi kwenye ghala la Seven Hills, na kwenye timu hiyo yeye ndiye mtu mzima kati ya vijana. Mwaka jana Lidcombe walitufunga bao moja, na lilimpita katikati ya miguu. Watu wetu walilicheka mpaka kanisani. Binti yetu alichekwa shuleni, akaacha kabisa kwenda uwanjani. Tangu hapo mume wangu alitaka kitu kimoja tu, asimame golini dhidi ya Lidcombe tena, mtoto wake akimtazama.

Jumapili moja baada ya ibada tulikaa ukumbini na chai. Tulianza na chakula. Wakenya walitaka wachezaji wale ugali na nyama asubuhi ya mechi. Wakongo tuliokuwa nao kwenye kamati wakasema mtu aliyeshiba hivyo hata basi hawezi kulikimbilia. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe ukapita uji. Kisha tukafika kwa kipa.

Mwenyekiti wetu, muuguzi wa Nakuru, alisema kuna kijana mpya, mrefu, mwepesi, anayefaa golini. Wote waliunga mkono huku wakitazama vikombe vyao. Halafu wakafanya kama tunavyofanya kwetu: neno zito hupelekwa na mtu wa karibu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Dada, wewe atakusikia," mwenyekiti aliniambia. "Aseme tu ana injury, ajitoe mwenyewe. Heshima yake itabaki."

Nilikasirika. Watu hawa nimewapikia, watoto wao nimewalea, leo wananituma nikamfundishe mume wangu uongo. Niliwaambia anayepanga timu ni kocha, na kama wana neno waje nyumbani waliseme wenyewe. Hakuja hata mmoja.

Lakini mume wangu si mjinga. Jioni hiyo aliniuliza kamati ilisemaje, nikamwambia yote. Akaniuliza mimi nataka nini. Nikasema acheze.

"Unasema vile juu unaniamini, ao juu unanipenda?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao, akitaka kujua sababu.

"Nakupenda," nikamjibu. "Mpira siujui."

Alicheka sana, akaenda kutafuta glavu zake.

Siku ya mechi kocha alimpanga yeye. Binti yetu alikuja baada ya kubembelezwa wiki nzima, akakaa safu ya nyuma na wenzake wa shule, mbali nami. Mume wangu alidaka mipira ambayo hata mwenyekiti alisimama kuipigia makofi. Hata hivyo tulifungwa mawili, na la pili lilimteleza mikononi kila mtu akiona. Filimbi ilipolia nilitamani ardhi inimeze.

Alikuja kwetu akiwa na tope mpaka masikioni, akamsalimia kila mwanakamati kwa mkono. Binti yetu akateremka kutoka nyuma, wenzake wakimfuata. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na mbele ya wenzake ndiyo kabisa. Alisimama mbele ya babake.

"Pole, Baba," akasema kwa sauti ya kusikika. "Umedaka sana."

Mume wangu aliketi palepale kwenye nyasi, akafunika uso kwa glavu.