Njia ya Nyuma ya Genge Langu

Nyie vijana mnaonunua nyanya kwenye friji za maduka, kaeni niwaambie genge langu la Goba lilivyokufa. Msinionee huruma, sikuiomba.

Genge lilikuwa mbele ya nyumba, njiani. Nyanya kwa mafungu, vitunguu, bamia, na mchicha ninaoukatakata mwenyewe mteja akisubiri. Kila anayenunua nilimwongezea, nyanya moja au pilipili mbili. Nyongeza ndiyo iliyomrudisha mtu. Genge hilo ndilo lililotulisha, mie, mwanangu, mkewe na wajukuu.

Likaja duka kubwa pale juu kilimani, la vioo na kiyoyozi. Mwanzoni sikuhangaika. Kisha nikaona majirani wanapita njia ya nyuma, ile ya mtaroni yenye tope, wakati ya mbele ni kavu. Nikaelewa. Wanatoka dukani na mifuko, wananionea haya.

Siku moja mvua ikajaza maji njia ile. Jirani yangu mwalimu ikambidi apite mbele, mfuko kaubana kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nepi za mtoto tu, bibi."

"Nepi siku hizi zinaota majani ya vitunguu?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka. Akanunua bamia ambazo najua hakuzihitaji.

Nikajipa moyo kwamba mtu anayekuonea haya bado ni wako. Nikakuza mafungu. Nikaosha nyanya zing'ae, nikaanza na kumenya vitunguu saumu. Wenye duka nao hawakulala. Walitoa meza nje ya mlango wao, wakapanga mafungu kama yangu, wakamweka dada mmoja mchangamfu, anakata mchicha na nyongeza anatia. Mie nyongeza yangu ilitoka kwenye sahani za wajukuu. Yao sijui ilitoka wapi, ila haikuwauma.

Basi njia ya nyuma ikaota majani. Watu wakawa wanapita mbele yangu waziwazi, mifuko inaning'inia. Mwalimu yule alisimama, akauweka mfuko wake wa dukani juu ya meza yangu apumzishe mkono.

"Shikamoo bibi. Jua la leo kali."

Hakununua kitu. Wala hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumekwisha.

Jioni mke wa mwanangu akaingia kwa mlango wa uani, kafunika kitu kwa khanga. Nikamwambia afunue. Nyanya za dukani.

"Zetu zimeoza, mama," akasema. "Niliogopa utaniona."

Nikaenda kuzibonyeza zile za mezani. Vidole vikazama. Nikawaita wote uani.

"Wewe, kesho upite mlango wa mbele. Na nyie wengine, bomoeni ile meza, mbao zake mpikie maharage."