Matembezi ya Mpishi wa Matanga

Kila asubuhi Mwanarehema alikaa ukingoni mwa kitanda, akingoja visigino vimruhusu. Kukanyaga sakafu kulikuwa kama kukanyaga kaa la moto. Dadake mkubwa alikuwa macho tayari, kwenye kiti chake cha plastiki, mguu mmoja sakafuni, na palipokuwa na wa pili pamefunikwa leso. Sukari ndiyo iliyouchukua.

"Nenda," dadake alimwambia. "Usije ukakaa hapa nami. Kiti ni kimoja."

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemweleza kwa upole kwamba sukari yake imeanza kupanda, na mwili umeilemea miguu. Apunguze chai tamu na wali wa usiku. Atembee kila asubuhi, aanze kidogo, na viatu viwe laini. Akanunua raba za mtumba karibu na feri, akazivaa chini ya buibui.

Lakini Mwanarehema alikuwa mpishi wa matanga. Mtaa wao wa Likoni ulipofiwa, yeye ndiye aliyeitwa kabla ya jua kuchomoza, akapange mafiga na kuinjika masufuria. Watu hawakuzoea kumwona njiani alfajiri ila kwa jambo hilo moja.

Siku ya kwanza, jirani yake Mweri alikuwa akifagia. Ufagio ukamponyoka.

"Inna lillahi! Nani?"

"Nani nini?"

"Amekufa nani, Mwanarehema?"

"Hapana aliyekufa. Natembea tu."

"Watembea tu! Na raba!" Mweri akashika kiuno. "Nambie, dada. Moyo wangu si wa karatasi."

"Wallahi natembea tu. Ni hii miguu, yaniuma."

"Mtu aumwe miguu kisha aitembeze? Hebu njoo unywe chai."

Chai ya jirani haikataliwi. Ilikuwa tamu, na mahamri yalikuwa ya moto. Matembezi ya siku hiyo yakaishia hapo.

Basi akawa anatoka mapema zaidi, akipitia vichochoroni. Visigino vilichoma mwanzo, kisha vikapoa njiani, na kila alipotoka alifika mbele kidogo kuliko jana. Nyumbani alikunywa chai bila sukari, uso ameukunja, dadake akimcheka. Kwa muda mfupi aliamini kwamba huenda miguu ikapona.

Kisha asubuhi moja miguu ikamgomea. Akaegemea ukuta wa Mzee Mwidani, akavua kiatu, akakanda unyayo. Mzee Mwidani alikuwa mgonjwa wa kitandani siku nyingi. Aliyemwona pale alimwambia mwenzake, naye mwenzake akawaambia wengine. Jua lilipopanda, wanawake walikuwa wamejaa barazani kwa mzee, wamejitanda leso, mmoja ameshaanza kulia. Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba ya mzee mwenyewe:

"Kuna nini? Kafa nani?"

Aliyekuwa akilia akajifuta macho kwa leso.

Jioni akaja Jalila, binti wa mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba hajala tangu asubuhi. Asema ulikuja kutazama mahali pa kuweka mafiga." Akainamisha macho. "Mimi najua sivyo. Lakini nakuomba, mama, usipite tena."

Mwanarehema alitaka kumweleza habari za visigino, za muuguzi, za kiti kile cha plastiki. Angesemaje? Kwamba miguu yake ina thamani kuliko usingizi wa mgonjwa?

"Sitapita, mwanangu. Mpe pole."

Akajaribu kutembea uani, kutoka kisimani hadi jikoni na kurudi, kama mbuzi wa kamba, mpaka dadake akasema, "Kaa, wanitia kizunguzungu." Raba zikaingia chini ya kitanda. Sukari ikarudi kwenye chai, na moto ukarudi visiginoni.

Alfajiri moja kukabishwa hodi. Alikuwa Jalila, macho yamevimba kwa kulia.

Mwanarehema akazivuta raba, akavaa, akatoka. Alitembea polepole katikati ya njia. Mweri alimwona, akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani kuchukua kisu na ungo, kisha akamfuata. Milango mingine ikafunguka. Hakuna aliyemuuliza aendako.

Alipofika kwenye ukuta ule, visigino vilikuwa vimeanza kupoa. Angeweza kuendelea, labda hata hadi barabara kubwa. Moshi wa kuni ulikuwa umeshaanza kupanda uani kwa mzee. Akasimama, akakunja mikono ya buibui.