Koti Lisilo la Raia

Kutoka Morogoro hadi Toronto mtu mwenye haraka hutumia siku moja na nusu. Mimi nilitumia miaka. Nilipandia treni ya Zambia pale Ifakara, nikakaa Lusaka nikiuza betri za redio hadi nikachoka. Nikashuka Johannesburg, nikalinda maduka ya watu, nako nikachoka. Karatasi za Kanada zilipotoka niliruka hadi Frankfurt, nikalala kwenye viti vya chuma, nikaruka tena. Kote huko nilikuwa mtu wa kuhama tu: nikifika mahali, naanza kuukumbuka mji niliouacha na kuuwazia ule nisioufikia.

Nilitua Toronto mwezi wa Novemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nje ya uwanja wa ndege ilikuwa ikinyesha mvua iliyochanganyika na barafu, ile isiyojua kama ni maji au ni mawe. Nilikuwa na sweta. Abiria wenzangu waliotoka nchi za joto walitetemeka wakaulizana habari za teksi. Mimi nilitetemeka nikamkumbuka mwanajeshi mmoja wa Morogoro, nikamtukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua.

Mama alikuwa akiuza vitumbua karibu na stendi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, namsaidia kubeba meko. Msimu wa masika alininunulia koti kwenye marobota ya mitumba. Lilikuwa la mabakabaka ya kijani na kahawia, zito, lenye kofia, na maji yalikuwa yakiteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Nyumbani raia haruhusiwi kuvaa kombati za jeshi, kila mtu anajua. Lakini mama alitazama kitambaa tu, hakutazama rangi. Kwake lilikuwa koti la mvua.

Siku ya pili ya kulivaa, mwanajeshi alinisimamisha mbele ya meza ya vitumbua. "Vua." Nikavua. Akaniambia niruke kichura kwenye dimbwi, nikaruka, watu wa stendi wakicheka kwa sababu watu wa stendi hucheka. Mama akamwambia, "Baba, kosa ni langu, mimi ndiye niliyelinunua." Haya yote ningeweza kuyasahau. Wengi yamewapata. Nisichosahau ni kwamba mvua ilianza tena, naye akalikunjua koti langu, akalivaa juu ya sare yake, akavuta kofia kichwani, akaondoka zake mkavu. Mama alinifunika kwa gunia la unga.

Tangu hapo nilikuwa na haja moja, na sikuona aibu nayo: siku moja mwanajeshi anyeshewe mbele yangu, mimi nikiwa mkavu.

Toronto nilipanga chumba North York na kijana wa Nairobi, dereva wa teksi, mwenye mdomo usiopumzika. Yeye ndiye aliyenionyesha duka linalouza mabaki ya jeshi: mabuti, vibuyu vya maji, mahema, na katika kona moja makoti ya mabakabaka yametundikwa kwenye henga kama kanzu za kwaya. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kizungu mwenye lafudhi ya mbali. Nilisimama pale nikisubiri aniulize kitambulisho cha jeshi. Aliniuliza saizi.

"Wee, hiyo si jungle?" mwenzangu alinong'ona, akageuka kutazama mlango. Kwao pia nguo hiyo ya jeshi, wanayoiita jungle, ni marufuku. "Buda, wakikushika na hiyo utalala ndani."

"Nani atanishika?"

Alitazama tena mlangoni. Mtaani alikuwa anapita mama na kigari cha mtoto. Tukacheka hadi mwenye duka akacheka bila kujua sababu.

Nyumbani niliingia bafuni nimelivaa, nikafungua bomba la mvua, nikasimama chini yake. Ndani nilikuwa nimevaa fulana ya kijivu, kwa sababu kijivu hakifichi tone. Mwenzangu alibisha mlango.

"Unaoga na nguo?"

"Nalipima."

"Pima haraka, maji ya moto si ya babako."

Nilipotoka fulana ilikuwa kavu kifuani, mgongoni na mabegani. Unyevu uliingia shingoni tu, kwa kuwa sikukaza kamba ya kofia. Nikaligeuza ndani nje. Kila mshono ulikuwa umezibwa kwa utepe uliogandishwa, hata ule wa kwapani ambako makoti ya madukani huanza kuvuja. Zipu ilikuwa na kifuniko, na kifuniko kilikuwa na vifungo vyake. Ukingo wa kofia ulikuwa na waya ndani, ukiukunja unabaki ulivyoukunja, matone yanaanguka mbele ya pua badala ya kuingia machoni. Aliyelishona alikuwa anamfikiria mtu atakayesimama nje siku nzima bila ruhusa ya kuingia ndani. Nilijisikia kama alinifikiria mimi.

Lilikuwa na kasoro zake, na sitazificha. Halikuwa na joto lolote. Bila sweta mbili chini yake, baridi ya Januari inapita kama haikukutana na mtu. Lilikuwa na kelele, ukitembea linachakarika kama mfuko wa mahindi ya kuchoma. Na ukifanya kazi ya nguvu, jasho halina pa kwenda. Ndiyo maana nilijifunza kufungua zipu mbili ndogo za kwapani kabla ya kubeba kitu, si baada.

Kazi yangu ilikuwa Downsview, kwenye ghala, sehemu ya kupakia malori. Pale nje chini ya kibanda upepo unageuza mvua ikaja kwa ubavu. Siku ya kwanza msimamizi alinitazama, akaenda, akarudi na kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Akasema hataki madereva wa foklifti, yale magari ya kuinulia mizigo, wanikanyage kwa sababu ya mitindo yangu. Basi kwa miaka nilivaa nguo iliyoshonwa nisionekane, na juu yake nguo iliyoshonwa nionekane hata na kipofu. Wenzangu waliniita jenerali wa machungwa. Sikujali. Majira manne yalipita juu ya lile koti, nami chini yake nilikuwa mkavu, na kila mara mvua ilipopiga mabegani nilimsikia yule mtu wa Morogoro akilowa mahali fulani. Ilikuwa raha ndogo. Haikutosha.

Kisha nikakutana na Afande.

Ilikuwa kwenye msiba wa Mtanzania mwenzetu, katika ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa. Afande alikuwa mstaafu wa jeshi aliyekuja kuishi na binti yake Markham, kwenye nyumba yenye gereji ya magari mawili. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na kila mtu, hata watoto wasiojua neno jingine la Kiswahili, walimwita Afande. Niliingia nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alilitazama koti.

"Kijana, ulitumikia kikosi gani?"

"Sijatumikia, mzee."

"Basi vua."

Kule makoti huvuliwa mlangoni kwa vyovyote, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Lakini mikono yangu ilitii kabla yangu. Nilikuwa nimeshafika kifungo cha mwisho ndipo nikajua nafanya nini. Wanaume waliokaa kwenye mkeka wakacheka kidogo, ule ucheko wa stendi.

"Hilo ni vazi la heshima," Afande aliwaambia, "siku hizi hata wauza ubuyu wanalivaa."

Nilikaa kwenye mkeka nikala pilau ya msiba bila kuonja. Hakuwa yule wa Morogoro. Nilimchunguza masikio na mikono, nikamuuliza baadaye kwa adabu alikuwa wapi miaka ile, akasema Tabora. Nilimwamini, na hilo halikunisaidia kitu. Nilikuwa nimesubiri mwanajeshi, na Mungu amenipa mwanajeshi. Sikuona sababu ya kurudisha zawadi.

Tangu hapo nililivaa koti kila mahali alipokuwapo. Alikuwa akilikejeli kila tulipokutana. "Raia amekuja na vita vyake." Nami nilikuwa nikijibu, "Afande, vita bado." Watu walidhani ni utani kati ya babu na mjukuu. Yeye alivaa koti la manyoya ya bata alilonunuliwa na binti yake, jeupe, lililofura kama godoro. Alipenda kulipapasa. "Hili halina hata uzito wa kuku," alisema. Nililipima kwa macho. Lilikuwa koti zuri kwa baridi kavu. Mishono yake ilikuwa mingi, kila mmoja tundu la sindano, hakuna utepe. Nilijua manyoya ya bata yakilowa yanageuka kuwa uji. Sikumwambia. Nilianza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kama mkulima.

Vuli moja jumuiya yetu iliandaa nyama choma kwenye bustani ya ziwani. Watu wengine wa mji ule wakiona wingu huahirisha. Sisi mbuzi akishachinjwa haahirishwi. Na choma ilikuwa himaya ya Afande, hakuna mtu mwingine aliyegusa koleo. Asubuhi nilitazama utabiri, nikakaza kamba ya kofia, nikafungua zipu za kwapani, nikatoka nikiimba.

Mvua ilikuja nyama ikiwa nusu mbichi. Akina mama na watoto walikimbilia kwenye banda. Mjukuu wake alimwita kwa Kiingereza, aje ndani, nyama iachwe. Afande alijibu kwa Kiswahili kwamba nyama haiachwi. Akasimama na mwavuli juu ya makaa, si juu yake. Nilikwenda nikasimama upande wa pili wa jiko, mikono mifukoni.

Lile koti jeupe lilianza kubadilika mabegani, kisha mikononi. Likawa kijivu. Lilinywea. Likamganda mwilini na ghafla nikaona alivyo mwembamba. Maji yalimtiririka kutoka kwenye viwiko. Meno yakaanza kugongana. Mimi nilihesabu matone yanayoanguka kutoka ukingo wa kofia yangu, moja moja, mbali na pua.

"Kijana," alisema mwishowe, "niazime hilo koti, nigeuze hii nyama. Wewe kaingie bandani."

Miaka yote niliyoisubiri sentensi ile sikuwa nimepanga jibu. Lilikuja lenyewe.

"Siwezi, Afande. Wewe sasa ni raia. Raia haruhusiwi."

Bandani walisikia. Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikashika wote. Mwenzangu wa Nairobi, niliyemwalika, alipiga makofi: "Amekulipa, mzee! Amekulipa na riba!" Afande hakucheka wala hakukasirika. Aliinama akaendelea kugeuza nyama, nami nikasimama pale pale, sikuondoka, nikamtazama akilowa hadi kipande cha mwisho kilipoiva. Alinikatia paja mimi wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nikala nimesimama. Lilikuwa limekolea chumvi na limau. Nimekula nyama nyingi tangu siku ile, sijapata tamu kama ile.

Usiku nilimpigia mama simu. Nilimwambia nimemwona mwanajeshi akinyeshewa. Akauliza, "Na koti unalo?"

"Ninalo."

"Haya. Lishike."

Nililishika miaka mingine. Utepe wa begani ulianza kubanduka, nikaugandisha upya kwa pasi isiyo na moto mkali na kitambaa juu yake. Zipu ilivunjika jino moja. Kisha sauti ya mama kwenye simu ikaanza kupungua, jirani akaniambia mvua inaingia jikoni na mama haondoki kwenye kiti, nami nikajua safari hii sihami, narudi.

Aliyenipeleka uwanja wa ndege alikuwa Afande. Ndivyo ilivyo kwetu, anayeondoka moja kwa moja husindikizwa na mkubwa, na mkubwa alikuwa yeye. Aliendesha taratibu kutoka North York, amevaa koti lake la bata lililofuliwa likawa na mabonge. Njia nzima aliongelea Morogoro, bei ya saruji, mahindi. Nje ilikuwa ileile mvua ya barafu iliyonipokea. Alisimamisha gari, akashuka kunisaidia mizigo, kichwa wazi.

"Sasa vua," alisema. Alisema kwa upole. "Ukishuka nalo Dar, watakuvua wao, na kwa umri wako hutaweza kuruka kichura."

Alisema kweli. Nililijua hilo tangu nilipokata tiketi, na bado nilikuwa nimelivaa. Nilianza kufungua vifungo. Alinyoosha mikono yote miwili kulipokea, bila kuomba, kama mtu anayepokea kilicho chake, matone yakimwingia shingoni.

Pale ukingoni kulikuwa na mtu wa vitoroli vya mizigo, Mhindi au mtu wa Sri Lanka, anasukuma msururu mrefu kwenye tope la barafu, na koti lake jepesi limemganda mgongoni. Nilipita mbele ya ile mikono. Nikamvalisha koti yule mtu mabegani, nikamwonyesha kamba ya kofia na waya wa ukingoni, nikamfungulia zipu za kwapani. Alishangaa, akacheka, akavuta kofia kichwani.

Nikarudi kuchukua mabegi. Afande alikuwa ameshusha mikono.

"Umempa nani?"

"Raia," nikasema, nikaingia ndani na sweta langu.