Mguu Mmoja wa Ma Philo

Sista Clotilda Charlemagne alikuwa na mazoea ambayo wauguzi wenzake wa hospitali ya Anse Moreau, kisiwani kwetu Karibiani, waliyacheka mpaka na wao wakayashika. Wakati wa kupokezana zamu hakukubali kupewa ripoti akiwa amekaa. Anayetoka na anayeingia walitembea pamoja kitanda hadi kitanda, na kila walipofika alitia mkono chini ya shuka, akaushika mguu wa mgonjwa na kutaja jina lake kwa sauti. Hapo ndipo ripoti ilipoanza. Mguu, alisema, hupata habari kabla ya uso.

Nimelala sana katika wodi ile. Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na shule niliiacha darasa la nne kwa sababu ya kulazwa kila mara. Kwa hiyo mkono wa Sista Tilda naujua. Ulikuwa mkavu, wa joto, na ulinukia sabuni ya bluu.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha Ma Philo. Jina lake kamili ni Philomène Zéphirin, miaka sabini na moja, muuza vijiti vya kakao vya kupikia chai sokoni. Kisukari kilishamchukulia mguu wa kulia, na wa kushoto ulikuwa na kidonda kinachofunga na kufumuka, hivyo naye alirudi wodini mara kwa mara.

"Unatafuta nini huko chini?" alikuwa akimwuliza Sista. "Mume wangu alikimbilia Martinique mwaka wa sabini na tisa. Hayumo."

"Natafuta mguu, Ma."

"Basi pole pole. Ninao huo tu."

Nyumba yake iko kilimani na ina ngazi kumi na moja za mbao. Alizipanda kinyumenyume, kwa makalio, akijisukuma na ule mguu mmoja. Bila huo angepelekwa kwenye nyumba ya wazee wasio na watu, na hilo aliliogopa kuliko kufa. Alilisema bila kuficha. Siku moja Sista akamjibu, "Mguu huu nitakulindia mimi."

"Kula kiapo."

"Sili kiapo. Nimeshasema."

Sista alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kando ya vitanda alipochaguliwa aende Jamaika kusomea ualimu wa uuguzi. Alipokuja kutuaga, Ma Philo alimgeuzia mgongo.

"Unaniacha na nani?"

"Sikuachi, Ma. Leo una mikono yangu miwili tu. Nikifundisha watu arobaini, utashikwa na mikono themanini."

"Mikono themanini, mguu mmoja. Wataumaliza."

Alirudi baada ya miaka miwili akiwa mkuu wa chuo cha uuguzi na matroni wa hospitali nzima. Alivaa viatu vya kisigino kifupi, tukawa tunamsikia kabla hajafika. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda. Delano Eudoxie alikuwa wa kundi lake la kwanza, sasa muuguzi wa wodi yetu, kijana mrefu mwenye mtoto mchanga, anaishi juu kabisa milimani. Zamu ilikwisha saa tisa, basi dogo la mwisho la kwao liliondoka saa tisa na nusu, na kuzunguka vitanda vyote kulichukua saa nzima. Nilimsikia akimwambia Sista karibu na kitanda changu:

"Sista, mwanangu ananijua nikiwa nimelala tu. Nikifika kwa miguu, naanguka kitandani."

Mwaka ule wauguzi wawili walikuwa wameacha kazi kwa sababu hiyohiyo. Baada ya wiki mbili Sista alileta fomu aliyoitunga mwenyewe. Ripoti ingetolewa ofisini, watu wamekaa, dakika kumi. Kila mgonjwa na mstari wake, na katika kila mstari aliweka nafasi ya kuandika: miguu, joto au baridi. Delano alianza kulipata basi. Siku moja akatuonyesha picha ya mtoto anacheka.

"Sasa mguu wangu uko kwenye karatasi," Ma Philo alimwambia Sista.

"Uko kitandani kwako, Ma. Karatasi inaukumbuka tu."

Jumanne moja, mchana, Ma Philo aliupapasa mguu wake akasema una baridi. Kuumwa hakuumwa, maana kisukari kilishautia ganzi. Nilikuwa na soksi za sufu alizonifumia shangazi. Nikamvisha moja. Akanishukuru, akalala.

Saa tisa walipokezana zamu ofisini. Saa tano usiku wakapokezana tena, na saa moja asubuhi tena. Wodini walipita na dawa, wakapita na vipimo vya sukari, soksi hakuna aliyeivua. Jumatano saa nne Sista alikuja na wanafunzi wake kama kila wiki. Alikuwa anawaeleza jambo la dripu, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaingia chini ya shuka la Ma Philo. Akaiacha dripu, akafunua shuka.

Alivua soksi. Mguu ulikuwa mweusi, toka vidoleni mpaka kwenye kifundo.

"Soksi hii ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Aliikunja, akanirudishia mkononi. "Hukukosea wewe," akasema. Sijaivaa tena.

Daktari alisema ukatwe juu ya goti, leo hii. Ma Philo akauliza kama atapanda ngazi. Daktari akasema hapana. "Basi niacheni nilivyo," akasema, na hawakumtoa tena kwenye neno hilo. Aliishi siku nne. Kila walipopokezana zamu, hata Jumapili, Sista alikuja akausimamia ule mguu, ameushika.

"Tilda," Ma Philo alimwambia siku ya tatu, "huo hausikii. Shika mkono, mwanangu."

"Nilikuambia nitakulindia."

"Uliniambia. Shika mkono."

Jumatatu iliyofuata, saa tisa, Sista aliwaleta wanafunzi wote wodini, na Delano, akazishika zile fomu za zamu tatu. Akazisoma. Philomène Zéphirin, mguu, joto. Joto. Joto. Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa Delano, wengine walinakili alichoandika. Sista hakutaja jina la mwandikaji. Delano alitazama sakafu.

"Fomu hii niliitunga mimi," Sista akasema. "Andikeni hilo."

Msichana mmoja akauliza taratibu kama litakuja kwenye mtihani. Hakuna aliyecheka.

Kisha akawazungusha, kitanda hadi kitanda, kama zamani. Alinishika mguu, akataja jina langu. Mkono wake ulikuwa baridi. Akaenda kitanda kilichokuwa cha Ma Philo, alikolazwa mama mgeni aliyeugua kifua, akatia mkono chini ya shuka na kusema kwa sauti:

"Philomène Zéphirin."

Wanafunzi walitazamana.

"Naitwa Agnita, Sista," yule mama akasema.

"Najua," akajibu. Alibaki amemshika mguu. Saa tisa na nusu ikapita, basi likaondoka, na Delano alikuwa bado amesimama pale.