Kidole Gumba cha Fundi Simu

Fundi simu wa sokoni Kasulu ana kidole gumba kisichotulia. Hata akiongea na mteja, kidole kinateleza juu ya kioo cha simu yake mwenyewe, kikitafuta jipya. "Ukurasa wa mtandao ule wa picha hauna mwisho, mama," alimwambia Asnath, mteja aliyemletea simu yake. "Wameutengeneza makusudi usitoke." Asnath alikwisha kujua. Tangu amzike mwanawe Japhet, kila alipoufungua kutazama picha zake alijikuta kwenye vichekesho vya watu hadi saa ya sala ikapita. "Nifutie akaunti yangu," alisema.

Fundi aliweka simu yake mezani, akashika ya Asnath, akabonyeza. Ikatokea picha ya marehemu, akicheka, na maandishi chini yake: Japhet atasikitika ukiondoka. Kweli unaondoka? Kidole kikasimama. Fundi akainua macho.

"Japhet namwombea, simtafuti humo," alisema Asnath. "Bonyeza, mwanangu."

Akabonyeza. Simu yake mwenyewe ikalia mezani kwa ujumbe mpya, fundi akaigeuza kifudifudi.