Shangazi Kipaza, Msemaji wa Filamu

Watu wa mtaa wetu wana tabia ya kusema shangazi yangu alikuwa mpayukaji. Nikisikia hivyo damu inanichemka. Mpayukaji ni mtu anayesema lolote popote. Shangazi alisema kwa kazi, kila Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa sinema, maiki mkononi, amesimama kando ya pazia jeupe. Nyumbani ungeweza kushinda naye tangu asubuhi mpaka jua linazama, akakwambia "lete chumvi" na "funga mlango," basi.

Jina lake la utani lilikuwa Kipaza. Filamu zilikuja kwa lugha za watu, sisi hatuambulii neno, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyetusemea. Mwanamume akifungua mdomo kule kwenye pazia, sauti inatoka kwa Shangazi, nzito kabisa. Mtoto akilia, analia yeye. Mbwa akibweka, anabweka yeye. Na lugha zenyewe hakujua hata moja! Alikuwa anatazama nyuso. Akiona mtu anakwepa macho ya mwenzake, anajua huyu ana neno moyoni. Akiona mwanamke anapanga vyombo kwa kishindo, anajua hapo kuna ugomvi wa ndoa. Maneno yanamjia palepale. Kila mtu alijua anatunga na hakuna aliyelalamika. Baba yangu alikuwa akisema hata wenye filamu yao wangekuja, wangekata tiketi wamsikilize dada yake.

Vita vilipoanza barabara ikafungwa. Mikanda mipya haikufika tena na ukumbi ukabaki na filamu moja tu. Mwenye ukumbi tulimwita Tajiri, maana alikuwa na duka, ukumbi na vyumba vya kupangisha. Alitaka kufunga. Shangazi akamwambia, "Ufunge kwa nini? Filamu ni moja, maneno ni mengi." Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi picha zilezile, hadithi mpya, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mimi nilikuwa nachana tiketi mlangoni, nayajua ninayoyasema.

Filamu yenyewe ilikuwa ya vita pia, vya huko kwao. Kuna mvulana ambaye ndevu hazijaota, anampenda mwanamke mtu mzima anayegonga kengele ya stesheni, na mume wa mwanamke huyo yuko jeshini. Mvulana hamwambii kitu. Anapita mbele ya dirisha lake, anarudi, anapita tena, nywele kazilowesha maji zikae vizuri. Wanawake wa mji wanamwonea wivu yule wa kengele. Karibu na mwisho, siku ya mvua, wanaingia chumbani kwake na kumtupia vitu vyote nje, kiti, masufuria, mpaka godoro, na yeye anasimama kwenye tope akisema maneno marefu. Jumamosi moja Shangazi alimfanya kuwa binti wa mfalme aliyejificha. Jumamosi nyingine akawa mwizi aliyetubu. Tukacheka, tukalia, picha zilezile.

Sasa, kwenye vyumba vya Tajiri alikuwa anakaa Fundi. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi redio mwanzoni. Alipochukuliwa jeshini, mkewe akakaa kwenye meza ileile ya kazi, akashika bisibisi ileile, na haukupita muda akawa anajua kuliko mume. Alikuwa mwanamke mzuri, sitaki kuficha. Mrefu, mtulivu, ukimletea redio anakwambia "tulia kwanza" hata kama wewe hujasema kitu, kisha anashika bisibisi kwa meno na kufungua mgongo wa redio. Na wakati ule kila mtu alitaka redio, maana habari za vita hazikuwa na njia nyingine.

Basi redio zote za mtaa zikaanza kuugua. Ajabu! Redio iliyokaa kabatini tangu zamani inaimba vizuri, leo imekufa. Wanaume wakazikumbatia kwenda kwa Fundi, wamevaa mashati ya kupigwa pasi. Wavulana ndio walikuwa balaa zaidi. Walichomoa waya nyumbani kwa makusudi, wakabeba redio ya mama, wakapanga foleni barazani kwa Fundi wakisukumana. Kinara wao alikuwa kijana wa Tajiri. Redio ya mama yake ilikufa na kufufuka mara nyingi mpaka tukamtania kwamba imekuwa na roho ya paka. Alivaa viatu vya baba yake vikimvuka, akaacha kula, akaacha kuzungumza na mama yake. Halafu akaanza kusema ataongeza umri aandikishwe jeshini, naye awe mwanamume wa kutazamwa.

Mama yake, mke wa Tajiri, tulimwita Mama Duka. Mimi namwelewa, mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Lakini kumwelewa mtu si kumwachia afanye atakalo. Alikuja kwetu siku ya Alhamisi, nikiwa naosha vyombo uani, na hakuniona wa maana hata apunguze sauti.

"Dada Kipaza," akasema, "Jumamosi hii yule wa kengele nataka aongee kama Fundi."

"Kama Fundi vipi?"

"Unajua vipi. 'Tulia kwanza, tulia kwanza.' Wavulana wakipita, awaite. Wanaume wakija, awacheke. Wewe hushindwi. Ukumbi mzima wacheke, wajue ni nani anasemwa. Wakishacheka, Jumatatu mume wangu anafunga kile chumba, na hakuna wa kumtetea."

"Amekukosea nini?"

"Lisemwalo lipo."

"Nimeuliza, wewe amekukosea nini?"

Mama Duka akasimama, akakung'uta kanga yake kama vile kiti chetu kina vumbi. "Maiki ile ni ya mume wangu, dada. Na midomo mtaani imejaa."

Shangazi akajibu, "Nimesikia." Neno moja hilo tu.

Alipoondoka nilimrukia Shangazi kwa maneno. Utafanya? Kweli utafanya? Fundi angekwenda wapi, barabara imefungwa, ndugu zake wako upande wa pili wa vita? Mume alimwacha kwenye chumba kile. Mlango anaoujua duniani ni huo mmoja, na akirudi hai atagonga hapo. Shangazi naye hakuwa na shamba wala mume. Alikuwa na maiki. Nililia kwa hasira, sabuni mpaka viwikoni. Yeye akanitazama, akasema, "Sufuria hiyo bado ina masizi."

Jumamosi ikafika na watu wakajaa kupita kiasi, maana Mama Duka alikuwa ameshapitisha uvumi kwamba leo kuna kitu. Yeye mwenyewe alikaa mbele, kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kijana wake alikaa kwenye benchi la pembeni, mbali naye. Na Fundi alikuwepo, kama kila wiki, kwenye kigoda karibu na ukuta, maana amplifaya ilikuwa kuukuu na bila yeye isingetoa sauti. Maskini wa Mungu, alikuwa ameshika waya ya maiki ambayo ndiyo ingemtukana.

Filamu ikaanza. Shangazi alikuwa moto siku hiyo. Mvulana alipopita dirishani, akamsemea: "Kanisalimia! Jamani, kasema hujambo! Watu wengi husema hujambo, lakini si hujambo ile!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikamwona kijana wa Tajiri anacheka na kuona haya kwa pamoja. Yule wa kengele hakupewa sauti ya Fundi. Alipewa sauti yake mwenyewe, ya mtu aliyechoka. Mama Duka akaanza kukohoa. Shangazi hakugeuka.

Ikafika mvua. Wanawake wa kwenye pazia wakausukuma mlango. Hapo Shangazi akashusha maiki, akatembea taratibu mpaka kwenye kile kiti chenye mgongo.

"Dada," akamwambia, na maiki ilikuwa bado inasikika, "leo hapa sema wewe. Maneno ya hapa unayo wewe, mimi sina."

Watu wakadhani ni mchezo. Wakapiga makofi, "Mama Duka! Mama Duka!" Angekataa vipi? Akasimama, akashika maiki, na mwanzoni alifurahia, nawaambia ukweli. "Toka!" akapiga kelele, na pazia likawa linamfuata. "Toka hapa! Umetuharibia nyumba zetu!" Vicheko. Kiti kikatupwa nje. "Na kiti chako!" Vicheko tena. Masufuria yakafuata. "Mnafiki mkubwa we! Mtoto wangu hali! Mtoto wangu hasemi na mimi! Anataka kwenda kufa kwa ajili yako!"

Vicheko vikakatika. Mchezo ulikuwa umekwisha na kila mtu alijua. Kijana wake aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Halafu uso wa yule wa kengele ukajaa pazia lote, maji yanamtiririka, na akafungua mdomo. Kwenye ukumbi ule tulikuwa tumezoea jambo moja, mdomo ukifunguka, sauti itoke. Tukangoja. Mama Duka alikuwa ameshika maiki kwa mikono miwili, akitazama juu. Mtu wa nyuma akauliza, "Anasema nini?" Mwingine naye, "Mama Duka, anasema nini?" Hapo ndipo palikuwa mahali pa "tulia kwanza." Alikuwa amepatafuta tangu Alhamisi, sasa amepewa bure.

"Anasema," akaanza. Mdomo kwenye pazia uliendelea. "Anasema, mimi nimewafanyia nini?"

Na yule mwanamke wa filamu alikuwa na maneno mengi, hakufunga mdomo, kwa hiyo Mama Duka naye ikabidi aendelee. Sauti yake ilikuwa imeshuka, si ile ya dukani. "Mume wangu yuko vitani. Gari likisimama nadhani ni yeye. Godoro hilo ni lake, msilitie tope." Akavuta pumzi, amplifaya ikaivuta pia. "Na mtoto wako sikumwita. Alikuja mwenyewe. Kila akija nilimtengenezea redio nikamwambia rudi nyumbani, mama yako anakusubiri. Unajua. Jirani wamekwambia, na wewe unajua."

Kumbe Mama Duka alikuwa anajua! Wakati wote ule alikuwa anajua! Nilitaka kupanda juu ya benchi nimtukane, na palepale nikamwonea huruma, vyote kwa wakati mmoja, na sikufanya chochote. Fundi hakuinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa ameshika waya kwa vidole viwili, pale kwenye kiungo kibovu, ili sauti isikatike. Angeachia tu, aibu yote ile ingezimika. Hakuachia.

Filamu ilipokwisha Mama Duka akamrudishia Shangazi maiki bila kumtazama. Kijana wake akatoka benchini, akamsogelea, akamchukulia pochi. "Mama, twende nyumbani," akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia kwa muda mrefu, na Mama Duka akalipokea kwa kumshika mkono kama mtoto mdogo, mbele ya wenzake wote, na kijana akakubali.

Jumatatu asubuhi Tajiri alitoka na kufuli mpya mfukoni, maana wanawake huwa hawamwambii mipango yao ikibadilika. Akamuuliza mkewe dukani, mbele yangu na wateja wengine, "Kwa hiyo yule Fundi tunamtoa au hatumtoi?"

"Mtoe uone," akajibu Mama Duka, huku akipima sukari.

"Na Kipaza? Si ulisema nitafute mwingine?"

"Mtafute. Halafu usimame wewe pale mbele useme."

Tajiri akarudisha kufuli rafuni. Shangazi akaendelea na kazi yake, na ukimsifia kwa siku ile anakasirika. Alikuwa anasema, "Miaka yote nimesema, hamkunisifu. Siku niliyonyamaza ndiyo mnanisifia. Ninyi watu mna akili kweli?" Mimi namsifu hivyohivyo, apende asipende.

Sitawadanganya kwamba Mama Duka na Fundi wakawa mashoga. Walisalimiana, basi. Wavulana wengine waliendelea kuchomoa waya, Fundi akaendelea kuwarudisha kwa mama zao.

Mume wa Fundi hakurudi. Habari ililetwa na mwenzake wa kikosi, alasiri ya jua kali, mguu mmoja umefungwa bendeji, na aliujua mlango kwa sababu marehemu alikuwa amemwelekeza: nyumba ya vyumba, baraza ya simenti, meza yenye redio. Hakuuliza njia kwa mtu. Alifika moja kwa moja, akagonga, na Fundi alikuwepo kufungua. Sote tulisikia kilio chake. Wanawake walipoingia kumshika, Mama Duka alikuwa wa kwanza, akalitandika godoro la marehemu vizuri na kumkalisha juu yake. Fundi akalia ndani ya chumba chake, mlango umefungwa, kwa muda aliotaka yeye.

Mtaani wanasema shangazi yangu alikuwa mpayukaji. Waseme.